Udongo Hula Sumu, Lakini Si Kila Sumu: Somo la Vikuge

Huku Dodoma naulizwa mara nyingi: "Bwana shamba, dawa iliyobaki nikiizika pembeni ya shamba, si udongo utaimaliza?" Historia ina jibu.

Ni kweli udongo una bakteria wanaovunja sumu. Mwaka 1973 watafiti nchini Ufilipino walieleza bakteria waliyempata kwenye mashamba ya mpunga yaliyowekwa dawa ya diazinoni. Bakteria huyo aliivunja dawa ile haraka. Tangu hapo wamepatikana wengine wengi.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1986 shamba la serikali la Vikuge, Kibaha mkoani Pwani, lilipokea msaada wa tani 170 za viuatilifu kutoka Ugiriki, sehemu yake vikiwa vimeshapita muda. Viliwekwa kwenye banda la wazi. Banda likaanguka, mvua ikasambaza sumu. Baadaye eneo lilisafishwa, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta udongo bado umechafuka vibaya, hasa kwa DDT.

Mbona bakteria hawakuimaliza? Kwanza, DDT ni ngumu kuvunjika. Pili, sumu ikirundikana mahali pamoja huweza kuwaua hao hao wa kuivunja. Kwetu Dodoma kuna la tatu: bakteria wanahitaji unyevu, na mvua zikiisha Aprili au Mei udongo hukauka hadi msimu mwingine. Kazi yao hupoa, sumu hubaki.

Kwa hiyo ndugu zangu:

1. Nunua dawa ya msimu mmoja tu. Muuza duka naye aangalie tarehe kabla ya kuuza.

2. Usizike dawa iliyobaki, usiichome, wala usiimwage korongoni. Kiangazi wengi wetu tunachimba maji ya kunywa kwenye mchanga wa korongo hilo hilo. Mweleze afisa ugani wa kata yako.

3. Weka samadi iliyooza vizuri. Ndiyo chakula cha bakteria, na hutunza unyevu.

4. Badilisha mtama, uwele au alizeti na karanga, kunde au njugu mawe. Zikikaribia kutoa maua, ng'oa mche mmoja, upasue kinundu cha mzizi. Kikiwa na wekundu ndani, bakteria wanakuvutia naitrojeni ya hewani bure.

Bakteria ni vibarua wazuri. Tusiwape mzigo uliowashinda wale wa Vikuge.