WANAWAKE WALIOTOA MCHANGO: KUANZIA RUVUMA HADI UFARANSA

Ukikaa kwenye kompyuta ukatafuta habari za wanawake maarufu wa historia, haraka sana utaletewa Wafaransa. Si vibaya, wanastahili. Ila muulize kijana wa Mbamba Bay au Liuli kuhusu Nkomanile, wengi watakutolea macho. Basi leo tuwaweke wote pamoja, wa kwao na wa kwetu.

1. NKOMANILE
Alikuwa nduna, yaani kiongozi, wa eneo la Kitanda katika nchi ya Wangoni. Vita ya Majimaji (1905-1907) ilipofika Ruvuma, yeye ni mmoja wa waliompokea aliyeleta ile dawa ya maji na kuwashawishi wenzake waingie vitani. Wajerumani walimkamata, na tarehe 27 Februari 1906 akanyongwa Songea pamoja na mashujaa wengine zaidi ya 60. Mwanamke alikuwa peke yake. Kumbukumbu yao iko kwenye Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge, Songea. Ukipita, ingia.

Ufaransa nao wana wa kufanana naye. Olympe de Gouges alikuwa mwandishi wa tamthilia. Mwaka 1791 aliandika tamko la kudai wanawake wapewe haki sawa na wanaume, na mwaka 1793 akakatwa kichwa. Wanawake wa Ufaransa walikuja kupiga kura mara ya kwanza mwaka 1945! Yaani miaka zaidi ya 150 baada ya lile tamko.

2. WENYE NGORO
Yale mashimo ya kwenye milima ya Umatengo hayakujichimba. Kwa desturi mwanaume anafyeka majani na kuyapanga kwa miraba, halafu mwanamke anachimba udongo wa katikati na kuyafukia. Maji ya mvua yanatulia shimoni badala ya kubeba udongo, na majani yakioza yanakuwa mbolea. Hapo maharage yanakubali, baadaye mahindi. Wataalamu wametoka mbali, mpaka Japani, kuja kujifunza. Huo ni uhandisi kabisa, ila hakuna jina la mama hata mmoja lililoandikwa kwamba ndiye aliyeanza.

3. SANAA
Huku ziwani wanaume wana mganda, akina mama wana kioda. Ngoma ile ina sare, mistari na nyimbo wanazotunga wenyewe. Msibani, harusini, kwenye mikutano, wao wapo.

Zanzibar alikuwepo Siti binti Saad, mtoto wa familia maskini wa Fumba. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, kurekodi taarabu kwa Kiswahili, na Shaaban Robert akamwandikia kitabu cha maisha yake. Alifariki 1950.

4. FASIHI
Mwana Kupona wa pwani ya Kenya alimtungia binti yake utenzi karibu mwaka 1858, na mpaka leo unasomwa. Kwa hapa Tanzania yupo Profesa Penina Muhando (Mlama), aliyeandika tamthilia za Hatia (1972) na Nguzo Mama (1982). Ufaransa, George Sand alikuwa mwanamke aliyejipa jina la kiume ili atoe vitabu vyake. Wa kwetu hawa wametumia majina yao wenyewe.

5. SIASA
Bibi Titi Mohamed (1926-2000) aliwakusanya akina mama kuingia TANU kuanzia 1955, wakati kujitokeza hivyo kulikuwa hatari. Stella Manyanya alichaguliwa mbunge wa Nyasa mwaka 2015, na tarehe 19 Machi 2021 Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa rais wa kwanza mwanamke nchini.

Sasa angalia tofauti. Olympe tunamjua vizuri kwa sababu aliandika mwenyewe, na maandishi yake yakatunzwa. Nkomanile hatujaachiwa hata barua moja. Maneno yake yalibaki kwa wazee, na wazee wanaondoka kila mwaka. Bibi yako anayejua nyimbo za kioda au aliyechimba ngoro miaka 40, muulize sasa hivi na uandike, hata kwenye daftari la shule. Ukisubiri msiba, umechelewa.

Haya wadau, nani mwingine wa huku kwetu nimemuacha? Mtajeni hapo chini, pamoja na kijiji chake.