Jinsi Mwendo wa Mabamba ya Dunia Unavyosababisha Volkeno Kuizunguka Bahari ya Pasifiki

Zaidi ya volkeno 450 zimeizunguka Bahari ya Pasifiki katika ukanda wenye urefu wa takribani kilomita 40,000, unaojulikana kama Pete ya Moto. Ukanda huo unaanzia New Zealand, unapitia Indonesia, Ufilipino na Japani hadi Alaska, kisha unateremka pwani ya magharibi ya Amerika mpaka Chile. Takribani asilimia 90 ya matetemeko ya ardhi duniani hutokea humo.

Chanzo cha volkeno hizo

Ganda la dunia limegawanyika katika mabamba yanayosogea sentimita chache kwa mwaka, mwendo unaokaribia ule wa kukua kwa kucha. Bamba la chini ya bahari ni zito kuliko la bara. Yanapokutana, lile zito hujipinda na kuzama chini ya jingine.

Bamba linalozama hubeba maji yaliyomo ndani ya miamba yake. Linapofikia kina cha takribani kilomita 100, joto na mgandamizo huyatoa maji hayo, nayo hupenya katika miamba ya moto iliyo juu yake na kuifanya iyeyuke kwa urahisi zaidi. Mwamba ulioyeyuka, yaani magma, hupanda kwa sababu ni mwepesi kuliko miamba inayouzunguka. Magma ya aina hiyo hunata na kubeba gesi nyingi, ndiyo maana volkeno za ukanda huu hulipuka kwa nguvu kubwa.

Si volkeno zote zina asili hiyo. Zile za Hawaii ziko katikati ya bamba, juu ya eneo lenye joto kali chini ya ganda. Ol Doinyo Lengai ya Tanzania na Nyiragongo ya Kongo zimo katika Bonde la Ufa, ambako ganda la dunia linatanuka na kupasuka.

Tahadhari iliyopuuzwa na iliyozingatiwa

Tarehe 13 Novemba 1985, volkeno ya Nevado del Ruiz nchini Kolombia iliyeyusha sehemu ya barafu iliyo kileleni. Tope zito lilifuata mabonde ya mito na, baada ya takribani saa mbili na nusu, likaufunika mji wa Armero. Watu wapatao 23,000 walipoteza maisha, ingawa ramani ya maeneo ya hatari ilikuwa imekwisha kutolewa mwezi mmoja kabla.

Miaka sita baadaye, Mlima Pinatubo nchini Ufilipino ulionesha dalili za kuamka. Wataalamu walifuatilia matetemeko madogo na gesi, na makumi ya maelfu ya wakazi wakahamishwa kabla ya mlipuko mkubwa wa tarehe 15 Juni 1991. Maelfu ya watu waliokolewa. Wengi wa waliofariki wakati wa mlipuko wenyewe waliangukiwa na mapaa yaliyolemewa na majivu yaliyolowa mvua ya kimbunga.

Mwendo wa mabamba hauwezi kuzuiwa. Hata hivyo, volkeno nyingi hutoa dalili kabla ya kulipuka: matetemeko madogo ya mfululizo, ongezeko la gesi na kuvimba kwa mlima. Dalili hizo huokoa maisha pale tu taarifa inapowafikia wananchi mapema, nao wakahama kabla ya hatari kufika.