Mbung'o, Ngata na Pikipiki: Habari za Mwanamke na Chombo katika Nchi ya Mkange

Mtu atokaye Bagamoyo akishika njia ya kaskazini, akavuka mto Wami na kuiacha bahari upande wake wa kulia, huingia katika nchi ya Mkange, kata ya Wilaya ya Bagamoyo ambayo leo imewekwa chini ya Halmashauri ya Chalinze. Nchi ya Wazigua, Wadoe na Wakwere, yenye miiba, mikoche na nyasi ndefu, na yenye udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka kama chungu kilichoungua, na masika hugeuka ulimbo wa kunasa magurudumu. Katika nchi hiyo pikipiki husikika kabla ya kuonekana, na si ajabu, kwani jina lake lenyewe limetokana na sauti yake, kama vile jirani zetu wa Kongo walivyosikia sauti nyingine katika chombo hicho hicho wakakiita tukutuku. Aghalabu mwenye kuiendesha ni kijana wa kiume, na mwanamke yuko nyuma yake, mzigo mapajani. Lakini mara moja moja hupita mwanamke aliyeshika usukani mwenyewe, naye ikiwa ni mfupi wa kimo, watu walioketi barazani hawamtazami uso, humtazama miguu, wapate kujua kama itaifikia ardhi atakaposimama.

Mtazamo huo una nasaba ndefu, na mwenye kutaka kuijua hana budi kurudi hadi zama ambazo katika nchi hii hapakuwa na mtu, mrefu wala mfupi, aliyesafiri juu ya mgongo wa kitu cho chote. Sababu yake ilikuwa mdudu. Mbung'o ana maskani ya kale katika vichaka vya baina ya Wami na Pangani, na mnyama aliyeumwa naye, akiwa farasi, punda au ng'ombe, hukonda siku kwa siku hata akafa. Mwaka 1895, David Bruce alipothibitisha katika nchi ya Wazulu kwamba inzi huyo ndiye achukuaye vijidudu vya maradhi hayo, watu wa misafara iliyotoka Saadani, bandari ya pwani, walikuwa wamekwisha lipa gharama ya ilimu ile bila ya kupewa sababu zake.

Miongoni mwa waliolipa walikuwamo wamisionari. Mwaka 1876 Roger Price, wa chama cha wamisionari cha London, alishuka Saadani akaswaga ng'ombe wanne hadi Mpwapwa huko bara ili kuijaribu njia, na kwa kuwa hawakudhurika akaamini kwamba tatizo la uchukuzi wa pwani ya Mrima limepata dawa. Mwaka uliofuata alirudi na wenzake pamoja na magari ya kukokotwa. Ng'ombe wakafa mmoja baada ya mmoja, magari yakaachwa, na mizigo ikarudi kwa wapagazi. Mwaka huo huo wa 1877 Alexander Mackay, wa chama kingine cha misheni, alifyeka barabara ya maili zipatazo 230 kutoka Saadani hata Mpwapwa: barabara ikapatikana, mnyama wa kuipitia hakupatikana. Wala habari hizi si za kale tu, maana shamba kubwa la ng'ombe lililokuwa Mkwaja, kaskazini ya Saadani, lilishindana na mbung'o kwa miongo mingi mpaka likafungwa mwaka 2000, na ardhi yake ikaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Basi kwa muda wote huo chombo cha Mkange kilikuwa ni mguu na kichwa. Mpagazi wa misafara alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na ushei, na pamoja naye, katika misafara mingi, alikwenda mkewe na sufuria, mkeka, nafaka, na mara nyingi mtoto mgongoni. Naye hesabu za wakubwa wa safari hazikumtia katika idadi ya wachukuzi. Msafara ulipokwisha, mwanamume aliutua mzigo. Mwanamke aliuendeleza, kwa kuwa maji ya kisima, kuni za porini na mahindi ya shambani havikungoja tajiri wa pembe wala meli ya Unguja. Akakunja kitambaa, akakizungusha kikawa ngata, akajitwisha. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na mwanamke wa kimo kifupi aliichukua mwendo mrefu katika njia ya utelezi bila ya kumwaga. Jambo ambalo kwa kuwa lilionekana kila siku halikuitwa maarifa.

Wako watakaosema kwamba mwanamke wa pwani hakupanda chombo kwa sababu ada na murua zilimzuia. Maneno hayo yana ukweli wake, lakini si kweli yote. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Unguja, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1886 kwamba watoto wa nyumba ile, wa kike kwa wa kiume, walifundishwa kupanda tangu wakiwa wadogo, na kwamba wasichana walipewa punda weupe wa Maskati. Ikiwa binti wa mtawala aliweza kupanda mnyama na heshima yake ikabaki kamili, ni dhahiri kwamba kilichopungua kwa binti wa Mkange kilikuwa ni mnyama mwenyewe, na mali ya kumnunulia, na nchi ambamo angeishi. Ada ilikuja baadaye, ikakuta nafasi tupu, ikakaa.

Chombo cha kwanza ambacho mbung'o hakuweza kukiua kilikuwa baiskeli, na pamoja nacho likaja swali la kimo. Baiskeli iliyoenea vijijini ilikuwa na bomba la kukingama katikati, na ili kuipanda sharti mtu arushe mguu wake juu ya kiti. Jambo zito kwa aliyejifunga kanga, zito zaidi kwa aliye mfupi. Kulikuwako aina nyingine, ambayo mafundi wa Ulaya waliibuni katika karne ya 19 kwa ajili ya wanawake wenye nguo ndefu, bomba lake limeshushwa chini, nasi tuliipokea kwa jina la baiskeli ya kike. Lakini katika nyumba yenye baiskeli moja, tena ya kuchukulia magunia ya mkaa na madebe ya maji, iliyonunuliwa ilikuwa ile ya bomba la juu, na msichana aliyetaka kujifunza aliipenyeza miguu yake chini ya bomba, mwili umepindika upande mmoja kama jahazi lililolazwa na upepo, akaenda hivyo hivyo.

Pikipiki ilirithi kimo cha farasi. Chombo cha Gottlieb Daimler cha mwaka 1885, kinachohesabiwa kuwa miongoni mwa babu zake, kiliitwa kwa Kijerumani kwa jina la gari la kupanda, kana kwamba mtu bado yuko juu ya tandiko; na waliokifuata walijenga kwa kipimo cha mguu wa mwanamume wa Ulaya. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika katika nchi yetu, na majeshi ya Waingereza kuzitwaa Saadani na Bagamoyo mwezi wa Agosti 1916, jeshi lao lilikuwa na kikosi cha wapanda pikipiki kutoka Afrika ya Kusini. Na yamkini hiyo ndiyo sura ambayo watu wengi wa nchi hii waliiona kwanza: chombo cha askari, kirefu, kizito, chenye kelele.

Hata hivyo, haikupita miaka 20 kabla ya Theresa Wallach na Florence Blenkiron kuondoka London, mwezi wa Desemba 1934, kwa pikipiki moja aina ya Panther, wakavuka jangwa la Sahara na misitu ya Kongo, wakapita Tanganyika, wakafika Cape Town mwaka 1935. Pikipiki yao ilikuwa na gari la pembeni, na jambo hilo lafaa kuzingatiwa, kwa sababu chombo chenye gurudumu la tatu hakimdai dereva wake aguse ardhi kwa mguu, hujisimamia chenyewe. Hapo yaonekana kwamba mashaka ya kimo yalikuwa ni mashaka ya umbo la chombo, na umbo hubadilishwa na fundi.

Mafundi walilibadilisha baada ya Vita vya Pili, si kwa huruma bali kwa biashara. Mwaka 1946, huko Pontedera nchini Italia, Corradino D'Ascanio, mhandisi wa vyombo vya anga ambaye pikipiki hazikumpendeza, alichora Vespa, akaiacha wazi katikati ili mtu apande kama aingiaye mlangoni, bila ya kurusha mguu wala kuchafua nguo. Nayo ilipofika Unguja ilipata wapenzi wengi, na hata leo mwanamke mwenye buibui akipita Darajani juu ya skuta hakuna ageukaye. Mwaka 1958 Honda wa Japani akatoa Super Cub, yenye uzito usiofika kilo 70, kiti cha chini, na klachi inayojiendesha yenyewe, kwa nia ya kwamba mtumishi wa hoteli aweze kuiendesha kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili achukue sinia ya tambi. Chombo hicho kilichotengenezwa kwa kimo cha watu wa kawaida kimekipita kwa idadi kila chombo kingine cha moto kilichowahi kuundwa: hadi mwaka 2017 zilikuwa zimekwisha tengenezwa zaidi ya 100,000,000.

Lakini bahati ya Unguja haikuwa bahati ya Mkange. Skuta yenye magurudumu madogo yafaa lami na vichochoro; katika udongo mweusi wa masika hukwama kabla ya kufika mtoni. Pikipiki zilizoletwa huku bara kwa kazi za kilimo, afya na maendeleo zilikuwa aghalabu zile za porini, zenye shokapu ndefu na kiti kilichopita sentimita 80 kutoka ardhini, na bibi shamba au bibi afya aliyekabidhiwa ufunguo alikabidhiwa pamoja nao chombo ambacho kama kingesema, kingesema kwamba hakikumtarajia. Kisha, katika mwongo wa kwanza wa karne hii, zikaja pikipiki za bei nafuu kutoka China na Uhindi, na pamoja nazo kazi ya bodaboda, iliyokuwa imezaliwa tangu miaka ya 1960 katika mpaka wa Kenya na Uganda kwa baiskeli. Mwaka 2010 Serikali ikaiwekea kanuni za leseni ya kuchukua abiria. Pikipiki hizo ni za chini kidogo, lakini si nyepesi: zina kilo 100 na ushei, sawasawa na frasila saba, mizigo ya wapagazi watatu na nusu. Mwaka 2022 Serikali ilipogawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani wa nchi nzima, wanawake wengi, wafupi kwa warefu, walijikuta wameshika frasila saba kwa mikono yao miwili.

Aanzeje, basi, aliye mfupi? Wenye ujuzi husema kwanza kwamba si lazima nyayo mbili ziikanyage ardhi. Kukamia zote mbili ndiko kuangushako, maana ncha za vidole hazina nguvu. Akisogeza nyonga upande mmoja wa kiti, mguu wa kushoto hufika chini unyayo mzima, na wa kulia hubaki juu ya breki ya nyuma. Pili, na achague mahali pa kusimama kabla ya kusimama: ukingo wa njia ulioinuka, kisiki, au kichuguu, ambavyo Mkange haina uhaba navyo, humwongezea kimo bila gharama. Tatu, asiisukume kwa mikono, bali aiegemeze nyongani na kuiongoza. Na ikianguka, kwani haina budi kuanguka siku moja, asiinamie kuivuta kama avutaye ng'ombe aliyelala: na aizime, aipe mgongo, achuchumae, mkono mmoja ashike usukani na mwingine chuma cha nyuma, kisha anyanyuke kwa magoti huku akirudi kinyumenyume hatua ndogo ndogo.

Somo hili la mwisho mwalimu hulifundisha kama jambo geni, na mwanafunzi hulitambua mara moja, kwa sababu ni lile lile alilofunzwa na mama yake kisimani: kuchuchumaa, kuuweka mgongo wima, kuinuka kwa magoti, na kuuacha uzito ushuke katika mifupa badala ya kuung'ang'ania kwa mikono. Aliyejitwisha ndoo tangu utoto ameisoma mizani kabla ya kuona klachi, na mwendo wa pole pole katika tope, ambao huwaangusha vijana warefu wenye haraka, ndio mwendo alioulea shingoni miaka yote.

Likibaki la kiti, fundi yupo. Mshonaji hupima mteja wake kabla ya kukata nguo, na fundi viti aweza kufanya vivyo hivyo: amketishe mwanamke juu ya pikipiki iliyosimama wima, atazame kisigino kimebakisha inchi ngapi, atie alama ya chaki, afungue ngozi ya kiti na kukata sponji ya kadiri ile, mbele na kando za mapaja, kisha ashone tena. Kazi hiyo haihitaji kiwanda cha Ulaya wala cha Japani. Yahitaji kisu kikali na mtu aliyekubali kupimwa. Na kipande cha sponji kilichokatwa si cha kutupwa, maana maji bado yako kisimani, na kikizungushiwa kitambaa ni ngata njema.