Jina Katika Daftari

Wasomaji wetu, liko swali moja ambalo vijana wa vijiji vyetu hutuuliza mara kwa mara, nasi twaona si haki kulipita kimya. Huuliza hivi: "Mwalimu, kura yatufaa nini?" Wazee wengine wakilisikia hukasirika, wakasema kwamba vijana wa siku hizi hawajali mambo ya nchi. Lakini kukemea si kujibu, wala aulizaye njia haonyeshwi kwa fimbo. Basi twataka kujibu kwa kueleza habari za wilaya zetu mbili, Ngara na Biharamulo, tangu majina ya watu wetu yalipoanza kuandikwa katika vitabu vya serikali hata leo.

Daftari la kwanza lililoingia huku halikuwa la kura, bali lilikuwa la kodi. Wadachi walitangaza kodi ya nyumba katika nchi hii tangu mwaka 1898, nayo ilifika kwetu bara baadaye, walipokwisha kujenga boma lao Biharamulo. Waingereza waliowafuata wakatunga sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Kijana wa kiume aliyeonekana amepevuka aliandikwa jina lake, wala hakuulizwa kama apenda. Fedha hazikuwa rahisi kupatikana kwetu. Kwa hiyo vijana wengi wa Bugufi, Bushubi na Rusubi walisafiri hata Buganda, wakalima mashamba ya wengine, ili warudi na shilingi za kodi. Hivyo jina la kijana lilijulikana serikalini kwa deni kabla halijajulikana kwa haki.

Shauri la mpaka nalo lilikatwa vivyo hivyo, bila wenyeji kupiga kura. Bugufi, yaani upande wa Ngara wanakokaa Wahangaza, zamani ilikuwa chini ya wafalme wa Urundi. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, Waingereza na Wabelgiji walifanya mapatano mwaka 1919 ya kugawana nchi za Wadachi. Urundi ikawa ya Wabelgiji, lakini mwishowe Bugufi ikabaki Tanganyika. Mwami Mwambutsa wa Urundi aliidai, na mwishoni mwa miaka ya 1940 madai yake yalifika mbele ya Umoja wa Mataifa. Hata hivyo mpaka haukuhamishwa. Katika shauri hilo kubwa, ambalo lilikata nani ni wa nchi gani, hapakupigwa kura hata moja. Ndugu wa ng'ambo hii akawa mtu wa Tanganyika, na ndugu wa ng'ambo ile akawa mtu wa Urundi. Twaomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa maana tutalirudia.

Ndipo ikaja kura yenyewe. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika kwa sehemu mbili, mwezi wa Septemba 1958 na mwezi wa Februari 1959. Masharti yake yalikuwa magumu. Mpiga kura alipaswa kuwa na umri wa miaka 21, na juu ya hayo awe amesoma hata darasa la nane, au awe na pato la paundi 150 kwa mwaka, au awe na cheo kilichotajwa katika sheria. Tena kila mmoja alilazimishwa kupiga kura tatu: moja ya Mwafrika, moja ya Mzungu, moja ya Mwasia. Walioandikishwa walikuwa wapatao elfu sitini tu, katika nchi yenye watu karibu milioni tisa. Mkulima mwenye nguvu, mwenye mke na watoto na migomba yake, aliyelipa kodi kila mwaka, hakuhesabiwa kuwa kitu katika daftari hilo.

Chama cha TANU kilikutana Tabora mwezi wa Januari 1958 kulishauri jambo hilo. Wengi walitaka kuukataa uchaguzi, kwa kuwa ulikuwa wa udhalimu dhahiri. Mwalimu Julius Nyerere, aliyeacha kazi ya kufundisha Pugu mwaka 1955, alikuwa na umri wa miaka 35. Yeye alisihi waingie katika mlango ule mwembamba ili waupanue wakiwa ndani, na shauri lake likashinda. Bwana Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuunda chama chake mwenyewe. Twapenda wasomaji waangalie jambo moja hapa. Waliosema "tuingie" na waliosema "tukatae" wote walikuwa wameyajua masharti yale, na kila upande ulijua unachokichagua. Hakuna aliyekaa nje kwa kutojua tu.

Mlango ukapanuka upesi. Masharti yalilegezwa, na kwa uchaguzi wa Agosti 1960 waliandikishwa watu wapatao 885,000. TANU ikapata viti 70 katika viti 71. Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Katika uchaguzi wa Rais wa mwaka 1962 masharti ya elimu na fedha yalikuwa yameondolewa, na Nyerere alipata kura 1,127,978, naye Mtemvu, mshindani wake, kura 21,276. Kuanzia mwaka 1965 palikuwa na chama kimoja tu upande wa bara. Hata hivyo watu waliweza kuchagua mbunge kati ya wawili, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine ya nyumba, na mwaka huo hata mawaziri wengine waliangushwa na wakulima. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 5, yasema kwamba kila raia aliyetimiza miaka 18 anayo haki ya kupiga kura. Haiulizi darasa, wala ng'ombe, wala cheo.

Mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa tena, na uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo ukafanyika Oktoba 1995. Je, kura ya mtu mmoja ina uzito? Na tutazame Biharamulo. Mwaka 2005 jimbo la Biharamulo Magharibi lilimchagua Phares Kabuye wa TLP. Alipofariki mwaka 2009 palifanyika uchaguzi mdogo mwezi wa Julai, na Oscar Mukasa wa CCM akamshinda Dakta Anthony Mbassa wa CHADEMA kwa tofauti ndogo ya kura. Mwaka uliofuata, 2010, Mbassa akashinda. Na mwaka 2015 Mukasa akarudi. Katika jimbo kama hilo vijana wachache wa vijiji vichache waweza kuigeuza mizani. Lakini katika nchi yote, mwaka ule wa 2010, walioandikishwa walikuwa 20,137,303, na waliopiga kura ni 8,626,283 tu. Zaidi ya nusu hawakufika.

Sasa twafika mahali pagumu, nasi hatutapazunguka. Kijana mmoja aweza kusema: "Mwalimu, hayo ya zamani ni mema, lakini katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 je?" Ni kweli kwamba chama kikubwa cha upinzani, CHADEMA, hakikuwamo katika uchaguzi ule, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa kizuizini kwa shtaka la uhaini. Ni kweli kwamba vijana wengi walitoka barabarani mijini, damu ikamwagika, intaneti ikazimwa, na watu wa Dar es Salaam wakaamriwa wasitoke nyumbani usiku. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98. Baadaye iliundwa tume ya kuchunguza mambo yale, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Kijana ayaonaye hayo na kuuliza maana ya kura si mpumbavu, wala si mvivu. Auliza swali lile lile lililoulizwa Tabora mwaka 1958, nasi hatuna haki ya kumnyamazisha.

Lakini twamwuliza na yeye: "Je, jina lako limo daftarini?" Mara nyingi jibu ni kwamba halimo, wala si kwa sababu ya kupinga lolote. Tumeona sababu tatu.

Ya kwanza ni kuchanganya madaftari. Liko Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, la Tume ya Uchaguzi, ambalo ni la Rais, mbunge na diwani. Katika mkoa wetu wa Kagera liliboreshwa mwezi wa Agosti 2024. Kisha iko orodha nyingine ya uchaguzi wa vijiji na vitongoji, uliofanyika tarehe 27 Novemba 2024, na watu waliandikwa upya mwezi wa Oktoba. Wengi walioandikwa katika moja walidhani wamemaliza yote.

Ya pili ni safari. Kama babu zao walivyokwenda Buganda, vijana wa leo huenda kwenye machimbo ya dhahabu, au ziwani kuvua, au mijini. Jina labaki nyumbani, mtu yuko mbali; siku ya kura haikumngoja. Sheria yaruhusu kuhamisha jina wakati daftari linapoboreshwa, lakini wachache hukumbuka.

Ya tatu ndiyo nzito kwetu sisi watu wa mpakani, na hapa twarudi kwenye habari ya Bugufi. Mwisho wa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda, na kambi ya Benaco katika Ngara ikawa kama mji mkubwa. Wenyeji waliwapokea. Lakini tangu siku zile mtu wa Ngara au Biharamulo, ambaye lugha yake yafanana na ya ng'ambo, huulizwa maswali mengi: baba yako alizaliwa wapi, babu yako alizikwa wapi? Mwaka 2013, katika ile Operesheni Kimbunga, maelfu walitolewa nchini kutoka Kagera, Kigoma na Geita, na miongoni mwao walikuwamo waliokaa hapa miaka mingi sana. Kwa hiyo kijana mwingine huogopa kwenda mbele ya meza ya karani, hata akiwa raia wa haki, kwa kuwa hana cheti cha kuzaliwa na wazee wa kumshuhudia wamekufa. Huona heri kutoandikwa kuliko kuulizwa.

Hapo ndipo ilipo hatari, nasi twasema kwa moyo wote. Mpaka ulichorwa mwaka 1919 na watu ambao hawakutujua, na majina yetu hayakuwa katika kitabu chochote isipokuwa cha kodi. Kijana asiyeandikwa leo anairudia hali ile kwa hiari yake. Si kura tu anayoikosa. Yeye ambaye hayumo katika daftari hawezi kuchagua, wala hawezi kukataa kuchagua, kwa maana kukosekana kwake hakuonekani. Aliyemo akikaa nyumbani siku ya kura, angalau hesabu yaonyesha kwamba mtu mmoja hakuja, na watawala waweza kuulizwa kwa nini. Asiyekuwamo hakuja wala hakukosa.

Basi, wazazi, tunzeni vyeti vya watoto wenu kama mtunzavyo mbegu. Na asiye na cheti afuatiwe sasa, wakati wazee wanaojua kuzaliwa kwake wangali hai. Na ninyi vijana, kijana atakayetimiza miaka 18 siku ya uchaguzi mkuu aruhusiwa kuandikwa kabla ya siku hiyo, msingoje. Mkiisha kuandikwa, shaurianeni kama walivyoshauriana wale wa Tabora, kama mtaingia au mtakataa, na kwa sababu gani. Hilo ni lenu, nasi hatutawachagulia. Babu zenu waliandikwa bila kuulizwa, wakalipa. Ninyi mwaweza kuandikwa ili muulizwe.