Timazi, Chokaa na Ukuta wa Kakese



Dominika iliyopita, baada ya Misa hapa Kakese, wazee watatu wa kigango walituongoza mpaka kwenye ukuta wa mashariki wa ukumbi wetu mpya, wakatuonesha jambo ambalo sisi wenyewe tulikuwa tukikwepa kulitazama. Jua la asubuhi lilikuwa likiumulika ukuta kwa ubavu, na kila bonde na kila kilima cha lipu kilionekana wazi. Mmoja wao akaning'iniza uzi wenye jiwe kutoka juu. Kule chini, uzi ulikuwa umeachana na ukuta kwa upana wa vidole viwili.

Tangu siku hiyo swali moja linazunguka: je, lipu ibanduliwe na kazi ianze upya, au tukodi ile mashine ya kupulizia lipu ambayo vijana wetu wameiona kwenye video, iongeze tabaka jingine juu yake, tumalize? Fedha iliyobaki imetokana na jasho lenu, hivyo ni haki yenu kujua tunavyofikiri. Mturuhusu kwanza turudi nyuma, maana swali hili ni la kale kuliko ukumbi wetu.

Timazi, yaani uzi wenye kitu kizito mwishoni, ni miongoni mwa vyombo vya kale kabisa vya ujenzi. Nabii Amosi, katika karne ya 8 kabla ya Kristo, anasimulia kwamba alimwona Bwana amesimama kando ya ukuta na timazi mkononi. Seminarini tulifundishwa kwamba neno la Kiebrania lililotumika hapo ni adimu, na wako wanaolisoma kuwa ni bati tu. Lakini mafundi wote tuliowauliza wanasimama upande wa timazi. Mrumi Vitruvius, aliyeandika vitabu kumi vya ujenzi katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliagiza kwamba urefu wa lipu upimwe kwa rula na uzi, wima wake kwa timazi, na pembe zake kwa skwea. Baada ya mkando wa kwanza alitaka tabaka tatu za chokaa na mchanga, kisha tatu za unga wa marumaru. Pima maji, ile yenye povu ndani ya kichupa, ilikuja baadaye sana: Mfaransa Melchisédech Thévenot aliibuni yapata mwaka 1661.

Nasi Waafrika wa Mashariki tuna urithi wetu katika fani hii. Pwani, katika Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Gedi, mafundi walichoma matumbawe juu ya rundo la magogo, wakapata chokaa, wakaizimua kwa maji na kuiacha iive kabla ya kuitumia. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 mikono hiyo hiyo ilichonga lipu ikawa safu za vidaka, na safu ya vidaka haisamehe ukuta uliopinda. Siri yao mojawapo ilikuwa muda. Chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa. Fundi aliweza kurudi na rula yake, akakwangua hapa, akajaza pale.

Bara tulikuwa na desturi nyingine, ya kukandika na kusiriba. Kiganja kiliufuata ukuta ulivyo, wala hakuna aliyeuona upungufu katika hilo. Udongo ukipasuka, ulisiribwa tena kiangazi kinachofuata. Hata ngome ya Karema, aliyoanza kuijenga Kapteni Cambier, Mbelgiji, mwaka 1879, na ambayo Wamisionari wa Afrika waliipokea mwaka 1885 na kuifanya misioni, ilikuwa ya kuta za udongo. Ukuta wa udongo usiotunzwa huliwa na mvua, na hapo lipu huwa ni vazi la kuukinga kabla ya kuwa pambo.

Kilichobadilisha mambo ni saruji. Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, aliipatia hataza saruji aliyoiita ya Portland mwaka 1824. Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi, na kiwanda cha Wazo Hill kilianza kuzalisha saruji mwaka 1966. Lipu ya saruji ni ngumu kuliko ya chokaa, lakini haina subira. Huanza kushika baada ya saa chache tu, na kosa la asubuhi jioni huwa limekwisha kuwa jiwe.

Na mashine je? Hapa kuna kisa tunachokipenda. Mwaka 1907 Carl Akeley alikuwa Chicago, akitengeneza wanyama waliokaushwa wa jumba la makumbusho. Kuta za nje za jumba hilo zilikuwa zikibanduka, naye akabuni chombo kilichosukuma saruji na mchanga mkavu kwa hewa yenye shinikizo, maji yakichanganyika nao mdomoni mwa bomba. Alipata hataza mwaka 1911. Mtu huyu ndiye aliyenusurika kuuawa na tembo katika Mlima Kenya mwaka 1910, na ndiye aliyefariki mwaka 1926 kwenye miteremko ya mlima Mikeno, Kongo, akazikwa huko huko. Kwa hiyo babu wa mashine za kupulizia lipu amelala ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika, kaskazini kidogo.

Mashine za leo zina pampu zinazochanganya na kurusha lipu kwa kasi ambayo hakuna mwiko unaoweza kuifikia. Lakini tazameni tena zile video. Nyuma ya mwenye bomba wapo watu wenye rula ndefu, wakivuta lipu kutoka alama moja hadi nyingine. Zipo pia zinazopanda na kushuka ukutani zenyewe kati ya nguzo mbili. Nguzo hizo nazo lazima mtu azisimamishe kwanza kwa timazi. Mashine hurusha. Kunyoosha bado ni kazi ya uzi.

Sasa turudi kwenye ukuta wetu. Tuliugonga kwa fimbo, na sehemu kubwa ikalia kama mtungi mtupu. Matofali ya kuchoma hunywa maji sana. Yasipoloweshwa kwanza, huinyonya lipu kabla haijashika. Isitoshe, pale palipokuwa na shimo, lipu ilitupwa nene kwa mara moja ilhali tabaka moja halifai kuzidi sana milimita 15. Na kwa nini ilifanyika hivyo? Kwa sababu sisi, padre wenu, tulimhimiza fundi kila siku amalize kabla ya Pasaka. Aliomba siku mbili za kuweka alama, tukamnyima. Lawama anazopewa sokoni si zake.

Kuongeza tabaka juu ya lipu iliyoachana na tofali ni kuongeza uzito wa kitakachoanguka, na watoto wa katekesi hukaa chini ya ukuta huo. Kwa hiyo tumekubaliana na wazee: lipu ya mashariki itabanduliwa yote. Sehemu ya chini itajazwa kwa tabaka tatu, kila moja ikichorwa mistari ili inayofuata ishike, na ukuta utamwagiliwa maji kwa siku saba. Fundi ni yule yule.

Ataanza Jumamosi saa 12 asubuhi kwa misumari na uzi, na siku mbili za kwanza hatapiga lipu hata kidogo. Msimuulize kwa nini. Jumuiya ndogondogo zilizo karibu zinaombwa kuleta madumu ya maji na chekeche la mchanga, kwa maana letu limetoboka.