Imani ya Mwalimu na Mtaala wa Taifa: Mipaka Iliyopo Darasani

Mwalimu anapoingia darasani huingia na elimu yake, tabia yake na pia imani yake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, Ibara ya 19, inamhakikishia, kama raia mwingine yeyote, uhuru wa kufuata dini aitakayo na hata kubadili dini. Hata hivyo, wanafunzi walio mbele yake wanao uhuru huo huo, na wengine si wa dini yake. Ndipo linapozuka swali la mahali uhuru wa mwalimu unapoishia na haki ya mwanafunzi inapoanzia.

Msingi wa Katiba na Sheria

Ibara ya 3 ya Katiba inaitaja Tanzania kuwa nchi isiyokuwa na dini. Maana yake si kwamba wananchi hawana dini, bali kwamba Serikali haina dini yake. Aidha, Ibara ya 19 inaiweka kazi ya kutangaza dini kuwa hiari ya mtu binafsi, nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kwa msingi huo, mtumishi wa umma yupo huru kuabudu, lakini haruhusiwi kuutumia wadhifa wake kueneza imani yake kazini.

Msimamo huu una historia. Wakati wa ukoloni shule nyingi zilimilikiwa na misheni, na dini ya mtoto iliweza kumfungulia au kumfungia mlango wa elimu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliiwezesha Serikali kuzitwaa shule hizo ili watoto wa dini zote wasome pamoja.

Imani Inapogusa Somo

Mfano ulio wazi ni mada ya chimbuko la binadamu katika masomo ya Historia na Baiolojia. Ushahidi wake mkubwa umo nchini: fuvu la Zinjanthropus lililogunduliwa na Mary Leakey katika Bonde la Olduvai mwaka 1959, na nyayo za Laetoli zenye umri wa takribani miaka milioni 3.6.

Mwalimu asiyeafiki nadharia hiyo hana ruhusa ya kuiruka mada wala kuifundisha kwa kebehi. Mtahiniwa hupimwa na Baraza la Mitihani la Tanzania kwa yale yaliyomo katika mtaala ulioandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Pengo lililoachwa na mwalimu hulipwa na mwanafunzi. Kwa upande mwingine, mwanafunzi hatakiwi kulazimishwa kuiamini nadharia hiyo. Anatakiwa kuielewa na kuueleza ushahidi wake. Mwalimu anayedhihaki imani ya wanafunzi naye anakosea vilevile.

Hali ni nzito zaidi katika mada za afya ya uzazi na UKIMWI. Ukimya wa mwalimu hapo humwacha kijana bila taarifa za kujikinga.

Nafasi ya Dini Shuleni

Mtaala haukuifukuza dini. Vipo vipindi vya dini ambavyo wanafunzi hufundishwa kwa kufuata imani zao, na katika sekondari Maarifa ya Biblia na Elimu ya Dini ya Kiislamu ni masomo ya hiari yanayotahiniwa. Mafundisho ya imani yana kipindi chake. Hayapaswi kuhamia katika kipindi cha somo jingine.

Mvutano huu haupo Tanzania pekee. Nchini Marekani, mwalimu John Scopes alitozwa faini ya dola 100 mwaka 1925 katika jimbo la Tennessee kwa kufundisha mabadiliko ya viumbe. Mwaka 1968 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilibatilisha sheria ya namna hiyo ya jimbo la Arkansas.

Hatua kwa Mzazi Mwenye Malalamiko

Mzazi anashauriwa kwanza kulinganisha daftari la mtoto na muhtasari wa somo, kisha kumwona mwalimu mkuu au mkuu wa shule. Suala lisipopata ufumbuzi, linaweza kufikishwa kwenye kamati au bodi ya shule, kwa Afisa Elimu Kata, na kwa Wathibiti Ubora wa Shule. Masuala ya nidhamu ya walimu wa shule za umma hushughulikiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015.