Uthabiti wa Mfumo Endeshi wa Seva za Tovuti Nchini Tanzania: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Mazwi, Sumbawanga

1.0 Utangulizi

Mazwi ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, katika uwanda wa juu wa Ufipa. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Kwa miaka mingi umeme wa mji huo haukutoka katika gridi ya Taifa, bali ulinunuliwa Zambia na kuongezewa nguvu na majenereta ya dizeli. Katika mazingira hayo, swali la mfumo endeshi gani uwekwe kwenye seva ya tovuti linapata uzito ambao haupatikani katika vitabu vya kiada. Vitabu hivyo hupima uthabiti kwa muda ambao seva hukaa bila kuzimika. Insha hii inadai kuwa, kihistoria, uthabiti umekuwa ni ahadi: ni nani ataendelea kuutunza mfumo, kwa miaka mingapi, na ni fundi gani aliye karibu anayeufahamu.

2.0 Enzi ya Satelaiti

Mifumo miwili iliyokuja kutumika sana katika seva, Debian na FreeBSD, ilianza mwaka 1993. Nchini Tanzania, jina la kikoa la .tz lilitunzwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kukabidhiwa tzNIC, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2006. Hadi mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika mwaka 2009, mawasiliano na nje ya nchi yalitegemea zaidi satelaiti, kwa gharama kubwa na kasi ndogo. Tovuti nyingi zilihifadhiwa Ulaya na Marekani, na uchaguzi wa mfumo ukabaki mikononi mwa mafundi wa huko.

Kwa waliotunza seva nchini, sifa tatu zilikuwa muhimu. Ya kwanza ni wepesi: Debian na FreeBSD ziliweza kusimikwa kwa sehemu chache tu zinazohitajika, bila kupakua mzigo mkubwa. Ya pili ni ustahimilivu wa kukatika kwa umeme. Mfumo wa mafaili wa ext3, ulioingizwa katika Linux mwaka 2001, huandika kumbukumbu ya mabadiliko kabla ya kuyatekeleza. Hivyo seva iliyozimika ghafla huweza kuwaka tena bila kukagua diski nzima. Ya tatu ni mafunzo. Warsha za AfNOG, zilizoanza mwaka 2000 na kufanyika Dar es Salaam mwaka 2011, zilitumia FreeBSD kufundishia wahandisi wa Afrika. Fundi hurudi nyumbani na mfumo aliofundishwa.

3.0 Enzi ya CentOS

Baada ya mwaka 2009, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano uliopita mikoani ulipunguza kikwazo cha kasi. Biashara ya kuhifadhi tovuti ikakua, na kwa kampuni nyingi uamuzi wa kwanza haukuwa mfumo endeshi bali programu ya kusimamia wateja. Programu maarufu zaidi, cPanel, ilifungamana na ukoo wa Red Hat. Ndani ya ukoo huo CentOS, iliyoanza mwaka 2004, ilitolewa bure: ilijengwa kutokana na msimbo uleule wa Red Hat, na matoleo yake yalitunzwa kwa takribani miaka kumi. Kwa mfanyabiashara asiyemudu ada ya leseni, hakukuwa na ahadi nzuri kuliko hiyo.

4.0 Ahadi Iliyovunjika

Tarehe 8 Desemba 2020 ilitangazwa kuwa CentOS 8, iliyotolewa mwaka 2019 na kutarajiwa kutunzwa hadi 2029, ingekoma tarehe 31 Desemba 2021. Hakuna seva iliyozimika siku hiyo. Kwa kipimo cha vitabu, mfumo ulikuwa thabiti kama jana yake. Kilichoanguka ni ahadi. AlmaLinux na Rocky Linux zilizaliwa mwaka 2021 kuziba pengo hilo, huku mafundi wengine wakihamia Debian, inayoendeshwa na jumuiya ya watu wa kujitolea, au Ubuntu, ambayo matoleo yake ya muda mrefu hutunzwa miaka mitano. Mifumo ya kulipia nayo ina ukomo: utunzaji wa Windows Server 2003 ulikoma tarehe 14 Julai 2015. Tofauti ni kwamba ukomo huo ulijulikana mapema.

5.0 Uchaguzi Unapoondoka Mazwi

Mwaka 2017 Serikali ilizindua kwa pamoja tovuti za mikoa na halmashauri, Rukwa ikiwamo, kwa mfumo mmoja wa pamoja. Ofisa wa Sumbawanga akawa mwandishi wa habari za tovuti, si mtunzaji wa seva. Faida yake ni dhahiri: halmashauri haikuhitaji tena kubeba mzigo wa umeme, usalama na masasisho. Hata hivyo, nafasi ya kujifunza utunzaji wa seva mahali pale pale nayo ilipungua. Kwa shule, vyama vya ushirika na wafanyabiashara walio nje ya mpango huo, swali limebaki lilelile, na sasa hujibiwa na kampuni wanayoilipa.

6.0 Hitimisho

Historia hii inaonesha kuwa kuuliza mfumo upi ni thabiti bila kuuliza kwa nani ni kuuliza nusu ya swali. Taasisi ya Mazwi inayokodi seva yake yenyewe ina haja ya kujua mambo matatu kabla ya jina la mfumo: tarehe ya ukomo wa utunzaji, nani mwenye mamlaka ya kuibadili tarehe hiyo, na fundi gani anaweza kufika kabla ya wiki kwisha. Tukio la mwaka 2020 linafundisha kuwa jambo la pili, ambalo ndilo husahaulika zaidi, linaweza kuyabatilisha mengine yote.